Faini ya Kicheko

Hakuna jambo la kunishangaza mimi. Niliacha shule darasa la nne, nikaanza kufua nazi Mkwaja kwa ujira wa nazi zilizopasuka. Nikaja Tanga mjini nikasukuma mkokoteni, nikalala stoo juu ya mifuko ya saruji ya watu. Nimewahi kuuziwa kiwanja chenye wenyewe watatu, wote wana karatasi. Nimelipwa noti bandia na mtu aliyevaa tai. Nimeletewa nondo zilizokatwa ncha, kila moja shubiri, nikazigundua kwa jicho tu, bila futi. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi Usagara, milango minne, lori moja na kirikuu mbili za mizigo midogo, na nyumba ya ghorofa ambayo ramani yake niliichora mwenyewe mchangani kwa kijiti, fundi akaifuata. Wenye digrii zao huja kukopa saruji kwangu, na wengine huanza na shikamoo ilhali wamenizidi umri.

Kwa hiyo mke wangu aliponiambia asubuhi moja kwamba kuna mtu amefungua ukurasa mtandaoni kwa picha yangu, sikuinua hata uso. Mke wangu ndiye anayekaa kaunta, na mambo yote ya mtandaoni ni yake.

"Kaweka ile picha yako ya Idi," alisema. "Kanzu, kofia, na lori nyuma."

"Nimetoka vizuri?"

"Baba watoto, nasema si ukurasa wetu. Jina la duka ni letu, kazidisha herufi moja tu mwishoni. Anauza bati elfu kumi na tano."

"Elfu kumi na tano? Hata ya kuibwa huipati kwa bei hiyo. Mjinga gani atanunua?"

"Watu kibao wameshaandika wanahitaji."

Nikamwambia amwache, ananitangaza bure. Na nilimaanisha. Niliona ni heshima fulani. Katika wafanyabiashara wote wa Tanga, mwizi kakaa chini kafikiri, kisha kachagua sura yangu. Mke wangu akarudi kwenye daftari lake.

Sasa nieleze habari za mtani wangu wa Pongwe. Mimi Mzigua, yeye Mnyamwezi. Baba yake aliletwa huku kukata mkonge, akakaa, akaoa, akafa, akazikwa hapa hapa kanisani kwao. Mtani ni mama anayeuza chai na maandazi pale Pongwe barabarani, na tumelingana umri. Enzi za mkokoteni nilikuwa nakunywa chai yake kwa mkopo, na kila kikombe kilikuja na tusi lake. Mimi namwita mpagazi. Yeye ananiita mnuka papa. Zaidi ya miaka ishirini hatujawahi kusalimiana kama watu. Mtu asiyetujua akitusikia anaweza kuita polisi.

Mtani alikuwa anajenga vyumba viwili. Kuta zilishasimama na kenchi za paa zilishapanda, mbao nilimuuzia mimi. Zilibaki bati. Alikuwa anaishi chumba cha kupanga na mama yake mzee, mwenye nyumba alishawaambia watoke, na masika ilikuwa mwezi unaofuata. Nilijua yote hayo. Hela za bati alikuwa anazingojea kutoka kikundi chao cha akina mama, siku ya mgawo.

Siku mbili tatu baada ya mke wangu kuniambia habari ya ukurasa, mtani akanitumia ujumbe wa sauti. Duka limejaa, nina mafundi wanne mbele yangu. Nikaufungua kwa sauti kubwa kama kawaida yetu, maana matusi ya mtani ni burudani kwa wateja.

"Wewe mnuka papa, umekula hela zangu. Laki nne na ishirini nimekutumia, bati ziko wapi? Nyumba iko wazi."

Mafundi wakacheka. Mimi nikabonyeza pale pa kurekodi, nikajibu:

"Mpagazi wangu, hela zako nimezila, tena kwa pilau, na soda nimeshushia. Bati za nini? Mgongo si unao? Kaezekee huo, umezoea kubeba."

Duka zima likapasuka kwa kicheko. Nikauza saruji mifuko arobaini mchana ule, nikasahau.

Kesho yake kimya. Keshokutwa kimya. Siku ya nne fundi mmoja wa siku zote aliingia, akapita kaunta, akanijia bila kununua, akaniambia, "Bosi, nimesikia pilau ilikuwa tamu." Nikamuuliza pilau gani. Akatoa simu yake, na humo ndani ilikuwa sauti yangu mwenyewe. Hela zako nimezila, tena kwa pilau. Chini yake mtu kaandika: sikilizeni tajiri wa Usagara anavyokiri.

Mke wangu akaisikiliza mara mbili. Hakunigombeza. Alisema tu, "Umekiri vizuri. Hata polisi hawapati maungamo kama haya," kisha akanionyesha ukurasa ule wa picha yangu. Hapo ndipo nilipounganisha mambo. Mtani alinunua bati kwangu, ila kwangu yule mwingine.

Nikachukua kirikuu nikaenda Pongwe mwenyewe.

Kwa kawaida, nikizima tu gari, tusi linanifikia kabla sijafungua mlango. Siku ile mtani aliinuka kwenye kigoda chake, akafuta mikono kwenye khanga, akasema:

"Shikamoo, bosi."

Nimeona mengi maishani, lakini shikamoo ya mtani sikuwahi kuisikia. 

"Mtani, unaumwa?"

"Mzima. Karibu kiti."

Mama yake alikuwa mkekani akimenya kunde. Nikamwamkia. Hakuitikia. Alimuuliza binti yake, "Ndiye huyu?" Binti akasema ndiye. Bibi akanitazama kuanzia viatuni, akasema, "Mnene," akaendelea na kunde zake.

Nikaomba kuiona simu. Mtani akanisomea mazungumzo yote, maana mimi kusoma najua lakini si kwa mbio. Yule mtu alikuwa na adabu kuliko mwalimu. Karibu sana mpendwa mteja. Ofa hii ni kwa wateja wetu wa zamani tu. Ukilipa leo mzigo unafika kesho. Mungu akubariki.

"Lini mimi nimekuita mpendwa?" nikamuuliza.

"Hujawahi."

"Miaka yote hii nakuita mpagazi. Leo mtu anakuita mpendwa mteja, anakubariki na kukubariki, unasema ni mimi?"

"Nikasema labda hela zimemtia adabu."

"Na namba je? Yangu unayo."

"Akasema hii ni ya ofa."

"Na jina lililotokea ulipotuma hela?"

"La mwanamke. Nikamuuliza. Akasema ni mhasibu wake."

"Mimi na mhasibu! Mhasibu wangu ni mke wangu na peni yake."

Akaiweka simu mapajani. Kisha akaniuliza polepole, "Kwa hiyo si wewe?"

"Si mimi, mtani. Wallahi si mimi."

"Basi nilipokutumia sauti, kwa nini hukusema si wewe?"

"Nilidhani utani."

"Nilikuwa nalia."

"Duka lilikuwa limejaa watu."

"Nilikuwa nalia," akarudia, na akaifungua ile sauti tuisikilize. Dukani niliisikia kwenye makelele ya mafundi. Pale Pongwe palikuwa kimya, na aliposema nyumba iko wazi, sauti ilikatika katikati ya neno. Mtu yeyote angeisikia.

Sauti yangu aliituma kwenye kikundi cha akina mama kwa sababu walimuuliza hela za mgawo zimekwenda wapi mbona bati hazionekani. Kutoka hapo ikatembea. Sikuweza kumlaumu. Hata mimi ningeituma.

Nikaenda naye kituo cha polisi. Tukaandikisha. Namba iliyopokea hela ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha bibi mmoja wa mkoa mwingine kabisa, ambaye alipopigiwa simu alidhani anaitwa kupewa pembejeo. Hela zilishatolewa siku ile ile. Askari alikuwa muungwana, akasema wanafuatilia, na akaniuliza kama ni mimi yule wa pilau.

Mke wangu naye akashika upande wake. Akawaomba wateja wote waingie kwenye ule ukurasa waulalamikie, kila mtu kwa simu yake. Akaniambia nirekodi video ya kuonya watu. Nikasimama mbele ya duka, nikasema kwa sauti yangu yote kwamba watu wajihadhari na matapeli wanaotumia jina langu, kwamba mimi siuzi bati mtandaoni, hela hulipwa kaunta, na mtu akiitwa mpendwa ajue hapo si kwangu. Niliongea vizuri, watu walisema. Baada ya siku mbili yule mwizi aliichukua video ile ile, akabakiza maneno ya mwanzo tu, akaibandika kwenye ukurasa wake: jihadharini na matapeli wanaotumia jina langu. Watu wakazidi kumwamini. Kwa hilo nilimvulia kofia. Mtu huyo angekuwa dukani kwangu ningempa tawi asimamie.

Ukurasa ulikuja kufungwa baada ya wiki mbili. Ukafunguliwa mwingine, herufi imehamia katikati ya jina. Huo nao ulifungwa. Mke wangu sasa huangalia kila Jumatatu, kama mtu anayeangalia mitego ya panya stoo.

Lakini mtani alikuwa bado hana paa. Watu wa kikundi walishaelewa kwamba si mimi, polisi walishaelewa, na mimi kisheria sikuwa na deni na mtu. Nilikwenda Pongwe na bahasha, ndani nimeweka laki mbili. Nilijiona muungwana. Nani mwingine Usagara angelipa hasara ya wizi wa mtu mwingine?

Hakuipokea.

"Sitaki sadaka, bosi," alisema. "Wewe hukula hela zangu."

"Basi chukua za kufuta machozi."

"Yalishakauka."

Bado ananiita bosi. Nikakaa pale na bahasha yangu mkononi kama mgonjwa na cheti. Aliyedakia ni yule bibi wa kunde.

"Hela kaiba mwizi," alisema. "Huyo tumemwachia Mungu. Wewe tunakudai kicheko."

"Kicheko?"

"Mtani wako kalia, wewe umecheka mbele ya watu. Kwetu hiyo ina faini. Kwenu haina?"

Hata kwetu inayo. Utani una mipaka yake, na anayeivuka hulipa, na mwenye kutaja faini ni aliyekosewa. Halipi kwa kununa, hulipa akicheka. Hilo nalijua tangu Mkwaja na sikuweza kulikataa.

"Taja," nikamwambia mtani.

"Paa."

"Paa lipi?"

"Paa la nyumba. Hulijui? Lile linalokaa juu ya kichwa."

"Mpagazi una wazimu! Faini ya utani ni jogoo!"

"Na jogoo pia," akasema bibi. "Mwekundu."

Nikajaribu kupunguza. Nusu ya bati. Bati zote kwa bei ya kununulia, alipe mwakani. Mimi nimejadiliana na Wahindi, Waarabu na wenye viwanda, na hakuna aliyewahi kunikazia macho namna ile. Mwisho nikamuuliza, "Na nisipolipa?"

"Usipolipa utani umekwisha. Nitakuamkia shikamoo kila nikikuona, mpaka unakufa. Nitakuamkia dukani mbele ya wateja. Msibani kwako nitakuja nilie kwa adabu."

Nikasimama, nikaingia garini. Nikatia ufunguo. Kisha nikashusha kioo.

"Bati ngapi?"

"Ishirini na nane, mnuka papa. Na misumari yake. Na kofia za juu ya paa. Na fundi umlete wewe, wa kwangu hana ngazi."

Jumamosi kirikuu ilipakia. Bati zilikuwa nzito kuliko zile za ofa, maana mimi siuzi takataka, hata kwa faini. Fundi alipanda asubuhi, na mtani alikaa chini kwenye kigoda akimpigia kelele siku nzima: "Kaza hapo, hizo bati za mnuka papa, zisije zikaruka zikarudi Usagara!" Bibi alimkagua jogoo miguu na macho, akasema amekonda kuliko mwenyewe, akamfunga mlangoni. Nikamwamkia tena. Safari hii aliitikia.

Mvua ya kwanza ilipiga siku ya tisa. Mtani alinitumia ujumbe wa sauti, hana neno hata moja, ni kelele za mvua juu ya bati tu.

Mke wangu alijumlisha kila kitu kwa bei ya kununulia: bati, kofia, misumari, fundi siku mbili, mafuta ya kirikuu, jogoo, na bango la onyo lililopo mlangoni hadi leo. Shilingi laki tisa, elfu arobaini na nane, na mia tano.