Celestine na breki za Monaro ya mzee Tejinder

Saa moja asubuhi, ukungu bado umelalia ziwa na mji wa Nakuru ndio kwanza unafungua milango yake. Nyuma ya duka moja la vipuri karibu na reli, Celestine Nabalayo amechuchumaa kando ya gurudumu la mbele la gari la rangi ya chungwa. Anapitisha kiganja karibu na rimu bila kuigusa, kama mtu anayepima joto la jiko.

"Mzee, ilivuta?" anauliza.

"Kidogo tu."

"Kidogo upande gani?"

Mzee Tejinder, mfanyabiashara wa mbao mwenye kilemba cha buluu na ndevu nyeupe, bado ameshika usukani. Ametoka kushuka mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa, kisha akaja moja kwa moja mjini. Anacheka.

"Kushoto. Lakini kidogo, Celestine. Wewe unaogopa gari kuliko unavyoogopa Mungu."

Celestine hacheki. Ananusa. Kuna harufu kali ya pedi za breki zilizoungua, na mwezi ujao gari hilohilo litashuka mteremko huohuo kwa kasi, katika matembezi ya magari ya zamani kutoka Nakuru hadi Molo na kurudi. Mzee Tejinder atakuwa kwenye usukani. Bintiye Amrit, mwalimu wa shule ya msingi, atakaa kando yake akimsomea ramani.

"Hii haitoshi," Celestine anasema, akisimama taratibu huku ameshika kiuno.

Ana umri wa miaka thelathini na tisa. Babu yake alitoka Bungoma kuja kufanya kazi ya reli, na familia haikuwahi kurudi tena ila kwa mazishi. Alipoajiriwa na Tanveer, mwenye duka, kazi yake ilikuwa kufagia na kupanga maboksi. Leo yeye ndiye huitwa pindi mteja anapoingia na gari ambalo kiwanda chake kimeshalisahau.

Mengi ya magari hayo ni Holden, yaliyoletwa kutoka Australia enzi za walowezi na miaka michache baada ya uhuru. Ukipita mashamba ya Molo na Subukia utayaona mengine yamegeuzwa vibanda vya kuku. Machache yaliyobaki barabarani yana wenyewe, na wenyewe hawataki yaende tu. Wanataka yaruke.

"Mtu wa Toyota unampa alichoomba, anaenda. Mtu wa Holden lazima mkae chini muongee," anasema. "Kuna kipuri cha kung'oa kwa gari iliyokufa, kuna kipya cha kuiga, na kuna cha gari nyingine unachonga kidogo ndio kiingie. Vyote vinaingia. Lakini kuingia si kufanya kazi."

Kwa kazi hiyo hulipwa shilingi elfu kumi na moja kwa mwezi, fedha ambazo kodi, unga na karo ya bintiye Nasimiyu hugombania kabla mwezi haujafika katikati. Kinachomkosesha usingizi, hata hivyo, si mshahara. Ni gari hili.

Ni Holden aina ya Monaro, ya mwaka 1972, milango miwili, injini ya V8 ya lita tano. Mzee Tejinder aliinunua akiwa kijana kutoka kwa mkulima mmoja wa Molo aliyekuwa akifunga virago. Katikati ya mwaka jana alikuja dukani akitaka kuiongezea nguvu. Celestine alimwambia waanze na breki. Mzee alitikisa kichwa.

"Nataka isikike kabla haijaonekana," alimwambia.

Tanveer, aliyekuwa akisikiliza, alimkumbusha Celestine kwamba mteja habishiwi. Basi akamchagulia kabureta ya midomo minne na paipu pana za ekzosi. Kabureta ilikuwa imepimwa kwa nchi ya pwani. Huku juu, hewa nyepesi, gari likawa linatoa moshi mweusi kama tanuri la makaa. Celestine alibadilisha jeti, vile vitundu vya kupitisha petroli, moja baada ya nyingine hadi injini ikapumua. Kufikia Krismasi, Monaro ilikuwa inapanda Molo na kuyaacha malori ya viazi kama yamesimama.

"Nilijivuna, siwezi kudanganya," anasema. "Kila mtu mjini alikuwa anajua ni mkono wangu."

Breki zilibaki zilezile.

Kisha ukaja mwezi wa Januari. Vurugu za baada ya uchaguzi zilipofika Nakuru, Celestine alikuwa akiishi Kaptembwo na Nasimiyu, aliyekuwa na miaka kumi na miwili. Walijifungia ndani tangu asubuhi, moshi ukiingia kwa chini ya mlango. Simu ya Tanveer ilimfikia mchana. Alimwambia asitoke kwa miguu, kuna mtu anakuja.

Aliyekuja ni mzee Tejinder, na alikuja na Monaro.

"Niliisikia kabla sijaiona," Celestine anasema, na anatazama pembeni.

Alimtupa mtoto kiti cha nyuma, akaingia na kifurushi cha nguo, wakaondoka kuelekea hekalu la Masingasinga ambako watu walikuwa wamepewa hifadhi. Gari lilifanya kila alichokuwa amelichagulia kufanya. Liliondoka kama risasi. Lakini kwenye kona ya kutokea barabara kuu mawe yalikuwa yamepangwa, na mtu mmoja alikuwa akivuka mbio na godoro kichwani, haoni kushoto wala kulia.

Mzee alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari likavuta kushoto, likateleza, likamfuata yule mtu kama linalomtafuta. Liliposimama, bampa lilikuwa limegusa godoro. Mtu alianguka, akainuka, akalibeba godoro lake akakimbia. Ndani ya gari, Nasimiyu alikuwa akilia kimyakimya.

"Yule mtu simjui hadi leo," Celestine anasema. "Lakini nikifunga macho namwona. Mimi ndiye niliyeifanya ikimbie vile."

Duka lilipofunguliwa tena, Celestine alikuwa amehamia chumba kimoja huko Bahati. Ndugu zake walimpigia simu kutoka Bungoma karibu kila juma, wakimtaka arudi nyumbani. Naye mzee Tejinder alikuja akiwa amenyamaza kuliko kawaida. "Sasa breki," alisema. Lakini kulikuwa na jambo moja: rimu zisiguswe.

Hapo ndipo shida ilipo. Diski kubwa za breki, zile zinazohimili mteremko mrefu, hazikai ndani ya rimu za inchi kumi na nne zilizokuja na Monaro. Zinahitaji rimu kubwa zaidi. Mzee aliposikia hivyo alizipapasa zake kama anayebembeleza farasi.

"Hizi ndizo gari," alisema. "Ukizitoa, hii ni gari ya mtu mwingine."

Celestine akabaki kuchagua pedi za diski ndogo. Alijaribu kwanza pedi ngumu za mashindano, zilizotoka Australia. Zile hushika vizuri zikiwa na joto. Asubuhi ya baridi ya Molo, majani yakiwa meupe kwa jalidi, mzee alikanyaga breki na gari likaenda tu kama halikusikia, likaponea kwenye matope kando ya lori la kabichi. Akamwekea pedi laini, za barabara ya kawaida. Hizo zilishika tangu asubuhi, lakini kwenye mteremko zilipata moto zikaanza kuteleza. Ndiyo harufu aliyoinusa leo.

"Ngumu zinamuua kukiwa na baridi, laini zinamuua akishuka," anasema. "Nichague ipi?"

Chini ya kaunta kuna boksi. Ndani yake mna diski kubwa, kalipa zake za kubania pedi na hozi zilizofumwa kwa waya. Celestine aliliagiza mwezi wa Mei bila kumwuliza mzee, akitumaini siku moja atakubali. Tanveer hakufurahi. "Hiyo boksi itazeeka na wewe hapa," humwambia kila anapojikwaa kwalo.

Asubuhi hii, Celestine anamkabili mzee Tejinder. "Mzee, sitakuuzia pedi tena. Si ngumu, si laini. Ni diski kubwa ama usishuke Salgaa."

Uso wa mzee unabadilika. "Mimi najua," anasema. "Tanveer aliniambia habari ya boksi. Unataka tu kuuza boksi yako."

Tanveer, aliyesimama mlangoni na kikombe cha chai, anainamisha kichwa. Celestine anajibu kwa sauti ndogo.

"Basi nunua kwingine, mzee. Nairobi ziko. Mombasa ziko. Usinunue kwangu. Lakini nunua."

Mzee Tejinder anawasha injini, na dirisha la duka linatetemeka mpaka anapokata kona.

"Umenifukuzia mteja wa miaka ishirini," Tanveer anamwambia.

"Najua, boss."

"Na ikiwa umekosea?"

"Ikiwa nimekosea nitashukuru," anajibu, kisha anaingia stoo na kukaa huko muda mrefu.

Siku zinazofuata ni za roho juu. Kila gari likinguruma barabarani, Celestine anainua kichwa. Anaogopa amepoteza kazi, na anaogopa zaidi kwamba mzee ameenda kushuka mteremko na pedi zilezile, kwa hasira.

Ijumaa anakuja Amrit peke yake, akiwa bado na vumbi la chaki kwenye mkono wa sweta. Anamkuta Celestine akipanga plagi.

"Auntie, niambie ukweli. Ingekuwa ni wewe, ungeketi kile kiti changu?"

Celestine anamtazama. Angeweza kumwambia aongee na baba yake. Angeweza kusema ni maamuzi ya wenye gari.

"Singeketi," anasema.

Amrit anaitikia kwa kichwa, anaaga, anaondoka.

Ni Jumatatu mzee Tejinder anaporudi. Haji na ngurumo. Anakuja polepole, na nyuma ya pikapu inayomfuata zimefungwa rimu nne za inchi kumi na tano, nyeusi, zisizo na urembo wowote. Anashuka, anamsalimu Tanveer, kisha anakuja kusimama mbele ya kaunta.

"Amrit amekataa kupanda," anasema. "Nikamwambia nitaenda peke yangu. Akaniuliza, baba, yule wa godoro ungempata leo ungemwambia nini?" Anagonga kaunta kwa kidole. "Lete hiyo boksi. Na ile niliyokuambia juzi, Celestine... nilisema vibaya."

"Yameisha, mzee," Celestine anasema, na mikono yake tayari iko chini ya kaunta.

Kazi inachukua siku mbili. Ikiisha, Celestine anaomba kitu ambacho hajawahi kukiomba: kukaa kiti cha nyuma wakati wa majaribio. Tanveer anamwambia si lazima. Anajibu kwamba breki ni zake, na kiti basi ni chake.

Wanapanda hadi Molo alfajiri, baridi ikipenya sakafuni. Mara ya kwanza mzee anakanyaga breki zikiwa bado baridi, gari linasimama. Kisha wanageuza, wanaanza kushuka Sachangwan. Kulia na kushoto malori yananguruma kwa gia nzito, na chini bonde limefunguka lote. Mzee anaongeza kasi. Celestine ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, macho kafumba. Anasikiliza.

Breki ya kwanza. Ya pili. Kwenye kona ndefu, lori lililo mbele yao linapunguza mwendo ghafla, na mzee anakanyaga kwa nguvu zake zote. Monaro inainamisha pua, inanyooka, inasimama katikati ya njia yake. Haikuvuta kushoto. Haikuvuta kokote.

Wanaendelea kushuka hadi Salgaa.

Hapo wanaegesha kati ya malori na vibanda vya chakula. Celestine anashuka kabla injini haijazimwa, anachuchumaa, ananusa gurudumu moja hadi jingine. Kuna joto, hakuna kuungua. Mzee Tejinder anaagiza chai na chapati, anasimama akitazama rimu mpya na kukunja uso.

"Imekuwa mbaya kutazama," anasema.

"Ndiyo, mzee."

"Lakini imesimama."

Celestine anakiri kwamba hofu haijamtoka. Matembezi yenyewe bado, na siku hiyo kutakuwa na magari mengine yasiyo na breki kama hizi. Ndugu zake bado wanampigia simu. Wakati mwingine, akisikia vijana wakikimbia njiani Bahati, hufunga mlango kabla hajajua wanakimbilia nini.

"Lakini nimeamua sitahama," anasema. "Babu yangu alijenga reli ya huku. Na mimi kazi yangu yote ni kuogopa kwa niaba ya watu wengine. Hiyo kazi iko hapa."

Ameshazungumza na mwenye nyumba moja ya kulala wageni papo hapo Salgaa, mwenye chumba kitupu kinachotazama barabara. Anataka kuuza breki tu: pedi, hozi, mafuta yake, kwa malori na kwa magari madogo. Tanveer ameahidi kumpa bidhaa za kuanzia, ingawa anasema hajui duka lake mjini litafanya nini bila yeye. Nasimiyu ndiye atakayeandika jina mlangoni, lakini bado wanabishana juu ya jina lenyewe.

Anapomaliza chai, lori la mahindi linaingia kutoka upande wa Eldoret. Gurudumu lake la nyuma linafuka moshi mwembamba. Dereva anashuka akitafuta chakula, na Celestine anamkatiza njia.

"Boss, hiyo gurudumu yako inaungua. Usiondoke nayo hivyo."

Dereva anageuka, anatazama, anamtazama yeye. "Wewe ni fundi? Duka lako ni gani, mathe?"

Celestine anaonyesha kwa kidole mlango wa bati uliofungwa, ng'ambo ya barabara.

"Ni ile. Bado sijafungua," anasema, huku akivua sweta na kuchuchumaa. "Weka jiwe mbele ya tairi, kisha uniletee spana."