Milimita Sita za Karatasi Namba Saba

Tarehe 14 Machi 2011, mchora ramani wa idara ya mipango miji aliunganisha karatasi namba saba na namba nane za ramani ya viunga vya mashariki. Kingo hazikulingana. Akapunguza milimita sita kwa wembe, akagandisha, na mkuu wake akamsifu kwa mkono safi. Kwa kipimo cha ramani ile, milimita sita ni mita kumi na tano ardhini. Humo ndimo ulimopita mkondo wa maji ya mvua, uliotengwa usijengwe.

Miaka ile mji ulimwacha nyuma. Akimaliza kuchora mtaa, watu wameshahamia na mapazia wametundika, naye hana muda wa kwenda kukagua. Hivyo dada yake, fundi cherehani aliyefiwa na mume, alipomuuliza anunue kiwanja wapi, alimfungulia nakala ya ramani sebuleni, akaweka kidole: hapa, dada, pasafi kabisa. Dada akajenga vyumba vitatu kwa miaka tisa.

Mwaka huu picha za angani zimemuumbua. Mitaa ya bondeni inafurika kwa sababu nyumba kumi na moja zimeziba mkondo. Mpango mpya unataka mfereji na njia ya waenda kwa miguu. Ameukagua wiki nzima akitafuta pa kuupindisha, hakupata. Ni mpango mzuri.

Ijumaa mchana alimkuta dada akishona sare za shule, mlango ukiwa na alama nyekundu ya X ya kubomolewa.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba, bwana ramani. Umekuja kupima au kuzika?”

“Nimekuja tufungashe vitu.”

“Kaa kwanza. Wanasema kuna kosa. La nani?”

“Langu. Nilikata ukingo wa karatasi ili zikae sawa.”

Dada alikata uzi kwa meno. “Na ulichokata ukakipeleka wapi?”

“Kwenye pipa la taka.”

“Kumbe miaka tisa nabeba matofali, najenga ndani ya pipa lako.”

Mdogo wake alikuwa ameandika barua ya kukiri kosa, akiomba dada alipwe fidia. Ofisi ilijibu kwamba mama huyo hakuuliza kwenye dirisha la idara. Aliuliza sebuleni kwa ndugu yake.

“Nyumbani kwangu kuna chumba cha nyuma,” alisema.

“Umeshanionyesha pa kukaa mara moja. Inatosha.”

Jumatatu saa mbili asubuhi nyumba zote kumi na moja zitavunjwa. Dada amepanga chumba kimoja upande wa pili wa mji, na hajamwambia mdogo wake ni mtaa gani.