Siku Niliyowaambia Watoto wa Merti Kwamba Nilijisomesha

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilivyosimama mbele ya wanafunzi wa kwetu Merti, koti langu jeupe limepigwa pasi hadi likakakamaa. Mwalimu mkuu aliniita niwahimize wasomee utabibu, maana huko vyuoni watoto wa kwetu ni wa kutafutwa kwa tochi.

Nilianza na waliokuwa wakinicheka: "Mtoto wa mchunga ngamia? Akiona maiti atakimbia mpaka Garba Tulla!" Sikukimbia. Diploma ninayo, tena nzuri. Hilo nalisema hata leo. Aibu yangu iko kwingine. Kwa utamu wa kusikilizwa nikaongeza: "Nilijisomesha mwenyewe. Sikuomba mtu. Anayetegemea watu abaki na mbuzi."

Nyuma walikoketi wazazi, Mzee Dida, mkubwa wa ukoo wetu, akainuka polepole.

"Daktari, wale mbuzi wa karo yako walijipeleka sokoni?"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, nikidhani ni utani. Yeye hakucheka.

"Kila boma lilitoa mnyama, hata wajane. Tulikupa kama tunavyompa aliyemaliziwa mifugo na ukame, na hatukudai. Leo unafundisha watoto kwamba kupewa ni aibu?"

Jioni mama mmoja akanifuata. Binti yake, Kabale, alikuwa amepata nafasi ya uuguzi, na ukoo ungekutana Ijumaa kumchangia.

"Amekataa," akasema. "Ati daktari hakuomba mtu, na yeye haombi. Kesho anarudi kwa mifugo."

Nikamwomba amzuie binti yake hadi Ijumaa.

Ijumaa nikasimama mbele ya ukoo, nikawataja walionisomesha, kila mtu na mnyama wake. Kabale akainua uso.

"Kumbe na wewe ulichangiwa?"

"Nilichangiwa. Na chuoni nililia kwa upweke."

Akakubali kuchangiwa. Masomo yalipoanza nilipanda naye lori, nikamfikisha hosteli ya chuo, nikamwonyesha wa kumuuliza somo likimshinda, nikawa nampigia simu kila wiki. Siku aliyohitimu, Mzee Dida alinishika mkono: "Sasa umetulipa sote."

Nawe mwanangu unayekwenda kusomea utabibu, mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Ukifika juu, wataje waliokuinua, ili anayekufuata asione haya kuinuliwa. Na usimwite mtoto chuoni kisha ukamwacha mlangoni. Mungu akupe mikono ya kuponya, akunyeshee mvua nyumbani, na amani ikutangulie popote uendako.