Udi wa Swaumu

Leodegar aliuza vifungo na zipu Kariakoo, na mchezo wa redio aliokuwa akiuandika ulisikilizwa na nusu ya mtaa. Wahusika wanaume aliwaweza. Aliyemtoa jasho ni Rehema, mjane aliyekaa eda. Kapera wa miaka hamsini, Mkristo wa Rombo, eda aliijua kwa kuisikia tu. Basi akamliza Rehema kurasa kumi na mbili mfululizo, maskini, hata kupumua hakumwachia. Candida, msimamizi wa mchezo, akamrudishia.

"Huyu analia tu, ndani hamna mtu. Ukishindwa tena, nampa mwandishi mwingine."

Leodegar akavuka korido ya maduka hadi kwa Swaumu, fundi cherehani, aliyetoka eda mwaka uliopita.

"Dada Swaumu, ulipokuwa ndani ulikuwa unajisikiaje?"

Swaumu alikata uzi kwa meno.

"Usinicheke. Miezi minne na siku kumi bila manukato! Kuna siku niliukumbuka udi kuliko nilivyomkumbuka marehemu. Nikafungua kijaluba cha udi, nikanusa, nikafunga. Nikajiona kama nimemzika mara ya pili. Sijamwambia mtu, kaka Leo."

Muungwana angesema pole akaishia hapo. Leodegar alisema pole, ndiyo, lakini vidole vilikuwa vinamwasha. Aliandika yote, udi, kijaluba, neno kwa neno, na furaha aliyoiona siku hiyo hakuwahi kuiona kwenye duka lake.

Mchezo ulirushwa saa nne asubuhi, redio zikiwa wazi korido nzima. Bi Sitara, mama mkwe wa Swaumu, alikuwa amekuja kumtembelea, akawa anamsaidia kutia vifungo. Redioni, Rehema akafungua kijaluba. Mguu wa Swaumu ukasimama kwenye pedali ya cherehani.

"Hebu msikie!" Bi Sitara akaguna. "Kaburi la mume halijakauka, yeye anawaza udi! Mwanamke gani huyu?"

Leodegar, ng'ambo ya korido, aliomba umeme ukatike. Haukukatika. Swaumu alimtazama yeye, macho makavu, kisha akamgeukia mkwewe.

"Hana haya, mama," akasema. "Hana haya kabisa."

Roho ilimuuma Leodegar mpaka akakaa chini. Simu ikalia mfukoni; ulikuwa ujumbe wa Candida: "Sasa huyu ni mtu. Tuletee zaidi."

Kesho yake Swaumu alipita mbele ya duka lake bila salamu, akaenda kununua zipu kwa mtu mwingine.