Mama Makochi na Mifumo Mitatu ya Tovuti

Watu walimwita Mama Makochi, na kila mgeni aliyelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza aliuliza kama alikuwa akifundisha mpira. Yeye alicheka tu na kumwonyesha karakana: mbao zimeegemezwa ukutani, sponji zimepangwa hadi darini, mashine za kushonea ziko chini ya dirisha, na stapla ya upepo ya kubania vitambaa inagonga kama mtu anayedai afunguliwe mlango. Mumewe ndiye aliyeunda fremu. Yeye alikata na kushona vitambaa, na ndiye aliyezungumza na wateja, kwa sababu mumewe akiulizwa swali alitikisa kichwa kwa namna ambayo hakuna aliyejua kama ni ndiyo au hapana.

Tovuti walikuwa nayo. Walitengenezewa na jamaa mmoja mpole, mtaalamu wa kompyuta, aliyeiandika yote kwa mkono wake, kisha akapata kazi nchi ya mbali. Tangu hapo hata nukta isingeweza kubadilishwa bila yeye. Alipoandikiwa alijibu kwa adabu zote, ila jibu lilipofika, wao walikuwa wamekwisha kusahau walichomwomba.

Asubuhi moja waliingia mtu na mkewe, vumbi la safari lingali viatuni. Yule mke akanyoosha simu na kuonyesha kochi jekundu ambalo bado lilikuwa kwenye tovuti yao. Lile kochi lilikuwa limeachwa kutengenezwa zamani, maana kitambaa chake hakikupatikana tena. Mama Makochi aliwaomba radhi, akawakaribisha wakae, akawaonyesha mengine. Mke alilikalia moja kidogo, akainuka, wakashukuru, wakaenda zao. Mama Makochi alibaki amesimama mlangoni, aibu imemshika. Akamwambia mumewe kwamba basi, imetosha, tovuti hiyo ataishika mwenyewe.

Kuanzia hapo chakula cha mchana alikila na kijiko mkono mmoja, simu mkono wa pili. Akagundua kwamba ipo mifumo iliyo tayari, ambayo mwenye biashara anaingia, anaandika, anaweka picha, anabonyeza, basi, kama anayetuma ujumbe. Habari hiyo ilimsisimua mpaka akakata mkono wa kochi mfupi kuliko ulivyopimwa. Tatizo lilikuwa achague upi. Alichuja, akachuja tena, ikabaki mitatu. Wa kwanza ulikuwa kama nyumba ya kupanga yenye samani ndani: kila kitu kipo, wewe unaburuta picha tu na kuiweka unapotaka. Wa pili ulikuwa wa bure na wa wazi, lakini unatafuta mwenyewe pa kuuweka kwenye intaneti, halafu unauongezea vipande vidogo vya programu, wenyewe huviita plagini. Wa tatu ulibuniwa kwa wenye maduka: bidhaa, rangi, bei, maagizo. Yote mitatu iliruhusu kujaribiwa bure, na yote ilijisifu vilivyo.

Aliyemkwamua ni wifi yake, mdogo wa mumewe, aliyefanya kazi ofisini na kupenda mitambo kuliko chakula.

"Wifi," alimwambia, "makochi yako watu huyanunua kwa kuyasoma? Si hukalia kwanza? Basi na hii mifumo tuikalie."

Jumamosi alasiri mashine zilinyamaza. Juu ya meza ya kukatia vitambaa ziliwekwa laptopu tatu: yake, ya wifi, na moja ya kuazima. Mume akapewa mfumo wa kwanza, wifi wa pili. Wa tatu ukamwangukia baba mkwe, fundi mstaafu aliyekuwa amepita tu kunywa chai. Kazi ilikuwa moja kwa wote: weka kochi la watu watatu, picha zake, vipimo, bei, rangi za vitambaa na namba ya simu. Mama Makochi akawa mwamuzi, akizunguka meza kama anayesimamia mtihani.

Mara picha zikagoma kupanda.

"Wifi inasumbua," akasema Mama Makochi.

"Nimekufanya nini tena?" akauliza wifi yake bila kuinua macho, na hata baba mkwe akacheka mpaka miwani ikamshuka.

Mume ndiye aliyemaliza kwanza. Ukurasa wake ulipendeza, na yule mtu asiye na maneno akaanza kueleza kivuli kile na nafasi ile kama muuza magari. Mama Makochi akaufungua kwenye simu. Maandishi yalikuwa yamelala juu ya kochi. Yakarekebishwa. Ndipo akatoa swali la pili: kitambaa cha kijani kimeisha dukani, kiondoeni. Mume akafuta kijani kwenye picha, akafuta kwenye maelezo, akafuta na pale chini. Alipoulizwa kama atafanya vivyo hivyo kwa kila kochi la karakana, akatikisa kichwa, na safari hii walimwelewa.

Wifi alikuwa akitokwa jasho na kufurahi kwa pamoja. Aliongeza plagini, akaongeza nyingine, zikagombana, na kioo chote kikawa cheupe. Hakutishika. Alizima hii, akarudisha ile, akageuza laptopu: mteja akigusa rangi, kochi lenyewe linabadilika rangi mbele yake. Macho yalimtoka Mama Makochi. Aligusa kijivu, akagusa samawati, akarudia kijivu, na moyoni alikwisha kuchagua. Kisha akakumbuka kile kioo cheupe.

"Na ikizimika hivi katikati ya wiki, wewe uko kazini?"

Wifi alifikiri kidogo. "Itabidi inisubiri nitoke, wifi."

Wakatazamana, na bila kuambizana, wote wawili wakamfikiria yule jamaa wa nchi ya mbali.

Baba mkwe alikuwa bado yuko kwenye vipimo, kidole kimoja kikitafuta herufi. Kijani alikiondoa kwa kugusa mara moja, lakini hata hilo hakulisema, maana simu yake ilianza kulia mfululizo. Ni wenzake wa kikundi cha wastaafu.

"Baba, umewatumia nini?" akauliza Mama Makochi.

"Anwani ya duka, mwanangu. Pameandikwa chapisha, nikachapisha. Nikaona na wao waone nilivyoweza."

Mama Makochi akashika kichwa. Bei ilikuwa ya kweli, namba ya simu ilikuwa yake. Kabla hajasema neno, pale juu ya kioo cha laptopu ya baba mkwe pakatokea taarifa: mtu ameagiza kochi moja, rangi ya kijivu. Mume akasoma, wifi akasoma, baba mkwe akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

Simu ya Mama Makochi ikaita. Aliyepiga alikuwa mwalimu mstaafu, ndiye mwenye agizo, anauliza kama kuna kistuli cha kitambaa hicho hicho cha kuwekea miguu.

"Kipo, mama, ila sijakiweka. Usikate, tafadhali."

Mume alikwisha kuruka kukifuta vumbi kwa shati. Wifi akafungua dirisha mwanga uingie. Mama Makochi akapiga picha, akakaa alipokuwa baba mkwe, akaandika, akaweka rangi, akabonyeza.

"Sasa fungua upya, mama."

Wote wanne waliinamia simu.

"Nakiona," ile sauti ikasema. "Niongezee."

Walichagua wa tatu. Mama Makochi hakujidanganya kwamba umekamilika. Alijua nao ni wa kupanga, na mwenye nyumba akibadili masharti kuhama kutakuwa na kazi. Kwa hiyo jina la tovuti alilisajili kwa jina lake mwenyewe, na nakala za picha na maelezo zikatunzwa na wifi, ambaye alinuna kidogo kwa ajili ya rangi zake, kisha akaapa kutafuta namna ya kuzihamishia huko.

Kwa siku zilizofuata hakuna kilichopona karakanani: viti, mito, hata viegemeo vya vitanda, vyote vilipigwa picha na kupandishwa, na kila kilipotokea kwenye simu alimwita mumewe aje kutazama. Kisha akaja mteja aliyelipita kila kochi kwenye duka la mtandaoni, akaandika kwamba anataka lile benchi lililoonekana nyuma ya kistuli pichani. Lilikuwa benchi lao la kukalia wakila. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Walipotulia, mume alikwenda kwenye mbao akaanza kupima, naye Mama Makochi akafungua laptopu, akaandika: Benchi.