Maji Yasiyokupwa

Kule Riyadh bahari yetu ilikuwa karai la kufulia. Bibi, mama yake bosi wangu, aliketi uani kwenye kiti cha plastiki, nami nikajaza maji na kuweka kizibo cha chupa kielee juu yake. Kisha nikapuliza. Vijiwimbi vilikimbia hadi ukingo wa pili, lakini kizibo kilipanda, kikashuka, kikabaki karibu palepale.

“Unaona, Bibi? Upepo ndio unaosukuma. Wimbi linasafiri, maji yenyewe yanabaki kwao.”

“Si kama sisi,” akasema, naye akainama kupuliza mpaka akakohoa.

Yeye alizaliwa Ruwais, mtaa wa Jeddah ulio kando ya bahari, binti wa mvuvi, akaletwa Riyadh kama bibi harusi. Mimi nilizaliwa Mombasa, nikaletwa na ikama, kile kibali cha kuishi na kufanya kazi kule. Kazi yangu ilikuwa kumtunza, maana magoti yake yalikuwa yamekwisha, na kusema kweli nilimpenda kuliko nilivyopanga kumpenda mtu yeyote katika nyumba ile. Alikuwa na ombi moja tu kwa mwanawe: atie miguu baharini kabla hajafa. Kila mwaka mwanawe alijibu inshallah.

Hatimaye ikatokea harusi ya jamaa yao huko Jeddah, tukaenda sote. Siku ya kurudi, bosi akatupitisha ufukweni. Ngazi za mawe zilishuka hadi majini, na mawimbi yalikuwa yakiipiga ile ya chini kabisa. Bosi, mtoto wa jangwani, aliyatazama kama anayetazama mbwa asiyemjua.

“Mafi,” akasema, yaani hapana. “Yatamwangusha. Atazame tu kidogo, tuondoke.”

Basi ujuzi wangu wa pwani ukapanda kichwani. “Baba, ngoja maji yakupwe. Mchana huu bahari itarudi nyuma, tutamtembeza mchangani, mawimbi yabaki kuvunjikia kule kwenye mwamba.” Nilisema kana kwamba bahari ni ya baba yangu. Kwetu hata mtoto mdogo anajua kwamba maji yakijaa asubuhi, mchana yatatoka. Bosi aliniamini. Bibi akanitazama, akafungua kinywa, akakifunga, kisha akaomba chai.

Tukatandika mkeka, tukangoja. Adhuhuri ikapita. Bibi alinionyesha palipokuwa nyumba yao, na mahali mama yake alipoanika samaki, akacheka peke yake kwa mambo asiyonieleza. Mimi niliikodolea macho ile ngazi ya chini mpaka yakaniuma. Maji hayakwenda popote.

Badala yake, alasiri ukaja upepo. Uso wa maji ulikunjamana kwanza, na upepo ukipata mkunjo wa kushika hauachii tena, husukuma mpaka mkunjo uwe wimbi. Nayo mawimbi yalipofika penye kina kidogo, miguu yao ilikwama chini, vichwa vikatangulia, yakaangukia ngazi kwa kishindo.

“Halas, basi,” bosi akasema. “Yalla, twende.”

Nikauona uso wa Bibi. Sikuomba ruhusa ya mtu. Nilimvua viatu, nikamtupia bosi, nikamshusha Bibi polepole na kumkalisha kwenye ngazi. Kisha nikaketi ngazi ya chini yake, mgongo wangu baharini, nimemshika magoti kwa mikono miwili. Wimbi likanipiga mabegani, likavunjikia kwangu, na povu lililobaki likampita Bibi vidoleni taratibu. Akapiga kelele kama msichana. Likaja la pili, akaninyoshea miguu yote miwili.

Bosi alisimama juu yetu ameshika viatu vya mama yake kifuani. Nilipomtazama tena alikuwa amegeuka, anajifuta macho kwa ncha ya kilemba.

Garini, aibu ilinishika. “Bibi, nisamehe. Sijui leo maji yamekuwaje.”

“Bahari ya hapa haikupwi kama ya kwenu, binti yangu,” akaninong’oneza. “Hushuka hivi tu.” Akanionyesha upana wa kiganja chake. “Nilijua tangu asubuhi.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ningekwambia, mwanangu angeturudisha garini palepale.”

Nguo zangu zilikuwa bado zimelowa chepechepe. Akanilalia begani hivyohivyo, akalala.