Siku Niliyobishana na Deki ya Mzee Kanji

"Dada Kabula, huyo mtu wako alikuwa anaongea lugha gani?"

Hilo ndilo swali nililoulizwa sebuleni kwa Mzee Kanji, mbele ya watu, na badala ya kujibu nikafanya mambo ambayo mpaka leo nikimwona mtu aliyekuwepo siku ile navuka barabara. Aibu ile haipambiki. Nawasimulia kama ilivyokuwa, mcheke tu, wenzenu walishacheka.

Mzee Kanji alikuwa na duka la vitambaa chini na makazi juu, katikati ya mji wa Mwanza, na huko juu alikuwa na kitu nilichokitamani kuliko nilivyowahi kutamani mume (mama yangu alilisema hilo kwa uchungu kabisa): kabati zima la kanda za video za vichekesho vya zamani, vya Kizungu na vya Kihindi, vingine vya tangu picha hazijaanza kuongea, watu wanaanguka na ndoo za rangi, wanakimbizwa na polisi, wanakalia keki za wenyewe. Kila Jumapili baada ya kanisa sisi wachache tulipanda kwake, tunavua viatu mlangoni, shikamoo mzee, marahaba, kaeni, kaeni, tunatazama kanda moja, halafu tunabishana mpaka chai inapoa: nani anajua kuanguka kuliko mwenzake, nani kamwiga nani. Ubishi huo niliuongoza mimi. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu nikiwa na shahada na sina kazi (miaka ile ya ruksa kila kitu kilikuwa kinauzwa, ajira tu ndizo hazikuonekana), kwa hiyo kazi yangu ikawa kuuliza maswali. Nilimhoji padri, nilimhoji baba, nilimhoji diwani. Pale kwa Mzee Kanji angalau walinisikiliza.

Halafu akaja Modesta.

Alikuwa amehamishwa kutoka Dar, anafanya kazi benki, mtaratibu, nguo zake zimekaa mwilini kama zimeshonwa naye akiwa ndani. Hakubishana. Alikuwa akisubiri mimi nimalize, kisha anasema sentensi moja, na watu wote wanageuka kumtazama yeye. Siku ya tatu tu Mzee Kanji alimmiminia chai kabla yangu. Mtaniambia chai ni chai. Basi nyinyi hamjawahi kukaa mahali kama malkia halafu birika likawapita.

Ndipo mzee akatutangazia kwamba anahama, anakwenda kuishi na watoto wake ng'ambo, na kanda hawezi kuzibeba. "Nitampa mtu mmoja," alisema. "Nikigawa, zitapotea. Jumapili ijayo njooni na wageni wenu, tutazame ya mwisho, mimi nitasema nani." Hakuna aliyeuliza ni kati ya nani na nani. Wote walinitazama mimi, kisha wakamtazama Modesta.

Juma lile sikulala vizuri. Nilinunua mtumba, blauzi yenye mikono mipana na vifungo vikubwa vya shaba, kwa sababu Modesta alikuwa anavaa vizuri (mnaona mtu msomi anavyofikiri).

Jumapili ikafika, sebule imejaa, na mzee akatoa kanda ambayo hakuwahi kutuonyesha, nakala yake pekee, ya mchekeshaji mmoja mwembamba anayeingia na ngazi begani kwenye duka la vyombo vya udongo. Nikaona picha yake kwenye kasha nikashtuka, maana mtu yule nilikuwa namjua. Nilimwona nikiwa mtoto, kwa bibi yangu upande wa Sengerema, ukivuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga, gari la sinema lilipokuja msimu wa pamba na kutandika shuka jeupe ukutani kwa ghala. Modesta akaanza kueleza kwa upole wake ule kwamba huyu alikuwa hodari wa enzi za picha zisizo na sauti, na sauti zilipoingia akapotea.

Hapo ningenyamaza. Ningekunywa chai yangu.

"Si kweli," nikasema. "Huyu anaongea. Mimi nimemsikia."

"Umemsikia?" Mzee Kanji akasogeza kiti.

"Kwa masikio yangu, mzee. Ana sauti ya mikwaruzo, anakohoa kwanza, halafu ndiyo anasema." Nikaiga. Nikakohoa, nikakwaruza koo, nikasema yale maneno ambayo sisi watoto tuliyarudia mwaka mzima: "Mama weee, masufulia ya watu yameniona." Watu wakacheka vizuri, nikaona mzee anatikisa kichwa kwa furaha, nikamtupia Modesta jicho.

Ndipo Modesta akauliza swali lake lile. Wala hakuuliza kwa ubaya, ndilo lililoniudhi zaidi.

Lugha gani. Nikafungua mdomo, na papo hapo nikaisikia ile sauti upya kichwani, na nikatambua kwamba yule Mzungu mwembamba alikuwa akiongea Kiswahili, tena Kiswahili cha Msukuma, anachanganya ra na la kama babu yangu. Mimi niliyekuwa nahoji Maandiko, sikuwahi hata siku moja kujiuliza hilo. Nyuma yetu, kwenye lile gari, alikuwepo mtu na kipaza sauti akimpachika yule bwana maneno, sisi watoto tumekaa mbele, hatukugeuka.

Mtu mwenye akili angecheka na kusema "jamani, nimekumbuka." Mimi nikasema, "Wekeni kanda, tutasikia."

Ikawekwa kwenye deki ya video. Bwana akaingia na ngazi. Kimya. Akafungua mdomo, kimya, halafu yakatokea maandishi ya Kiingereza kwenye kioo.

"Hayo ni ya viziwi," nikasema.

"Na sisi tumekuwa viziwi wote?" akauliza mama mmoja nyuma, mgeni wa mtu.

"Ni deki. Sauti imekufa." Nikainuka. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, ikaja mivumo tu kama mvua kwenye bati. Nikaigonga deki ubavuni. Mzee Kanji akasema, "Binti, polepole." Nikaigonga tena, na sasa ikasikika sauti kweli, ila ilikuwa ya deki inakula kanda.

Nikabonyeza, ikatoa ulimi: kasha la kanda nusu nje, utepe umebaki tumboni. Nikavuta. Utepe ukaja, ukaja tena, mrefu, unang'aa, ukanaswa kwenye kifungo cha blauzi yangu, nikavuta na mkono wa pili, na kifungo cha pili kikanasa. "Kabula, unafuma sweta?" akauliza mtu. Nikarudi nyuma nijinasue, kisigino kikagonga meza ndogo, nikakaa. Nilikaa kwenye sinia la sambusa na bakuli la chatine ya ukwaju, nikiwa nimefungwa mikono kwa mchekeshaji wangu mwenyewe.

Chumba kikalipuka. Nikamtazama Mzee Kanji nikitegemea hasira, kumbe analia kwa kucheka, ameshika mbavu, hawezi kusema. Hasira ningeivumilia. Modesta akapiga magoti kunifungua, naye mabega yanamtikisika. Nikaukata ule utepe kwa meno, nikatoka mbio, nikavaa viatu mlangoni bila kutazama, na nilipofika Kirumba ndipo nikaona mguu mmoja ni kiatu changu na mwingine ni cha Modesta.

Siku ya pili yake, kupitia pazia, nikamwona anakuja kwetu amekumbatia boksi kubwa. Nikaelewa mara moja: kanda amepewa, anazileta nizione, na kiatu chake anakitaka.

"Mama, mwambie sipo. Nimevuka kwenda kwa bibi. Mpe kiatu."

"Mwenzio amebeba mzigo, jasho linamtoka."

"Mama."

Mama akaenda. Nikasikia Modesta anasema, "Basi mwambie nilipita," na hatua zake zikarudi barabarani, nzito. Juma lile mzee akasafiri.

Tangu hapo nimejiwekea sharti: mtu nikimwonea wivu akija mlangoni, namfungulia, nipende nisipende. Sharti lilikuja limechelewa. Miaka mingi baadaye tulikutana na Modesta pale Kigongo tukisubiri kivuko, yeye ana watoto wawili, na akaniuliza bila kinyongo kwa nini nilikataa zawadi ya mzee. Boksi lilikuwa langu. Nilipotoka mbio, mzee alifuta machozi akasema apelekewe yule mbishi, mtu anayeweza kupigana na mashine kwa ajili ya mchekeshaji hataziacha zioze. Modesta, alipoambiwa sipo, aliliacha kwa mpiga video wa harusi jirani yetu anitunzie, na yule bwana, kwa kuwa sikutokea, akarekodia harusi zake juu ya kanda zile, moja baada ya nyingine. Harusi ya Modesta mwenyewe ni mojawapo. Ukiiacha iendelee baada ya keki kukatwa, anatokea mtu mnene anakimbizwa na bata.